Historia ya karafuu: kutoka Ternate mpaka Maniema

Kila mara tunapoongea hapa juu ya Kiswahili cha kwetu, kuna mwenye anauliza namna gani hii lugha ilifika mpaka Kasongo, Kindu na Kisangani. Jibu lenye tunalijua wote: biashara ya pembe na ya watumwa, Tippu Tip, Waungwana. Ni kweli. Lakini mie mtu wa agronomi, ninaona ndani ya ile hadithi mti mmoja wenye watu wanausahau, juu haukuota kwetu na wengi wetu hatujauona kwa macho. Ni mkarafuu.

Matunda yake tunayajua. Kwanza, tayari nimesema vibaya, si matunda. Ile misumari midogo ya rangi ya kahawia yenye tunaita jirofle, yenye mama anatia katika chai ao katika pilau, yenye mtu anabana na meno kama jino linauma, ni maua. Ni ua lenye bado limefungwa, lenye linachumwa kabla ya kuchanua na kuanikwa juani siku ine ao tano mpaka linakauka. Likifunguka, bei imeisha. Kilo tatu za maua mabichi zinatoa karibu kilo moja ya karafuu kavu.

Jina la sayansi ni Syzygium aromaticum, jamaa ya Myrtaceae, ndiyo kusema ni ndugu ya mpera na ya mkalitusi. Kwao kwa asili ni visiwa vidogo vitano vya Maluku, katika Indonesia ya leo: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Mtu wa Goma anaweza kuelewa haraka kule kuko namna gani: kisiwa kizima cha Ternate ni mlima wa volkano, Gamalama, wenye unatoa moshi juu ya vichwa vya watu, udongo mweusi, mvua karibu mwaka mzima, na pori lenye linateremka mpaka bahari.

Kuko mambo mawili ya huu mti yenye lazima kuweka akilini, juu historia yote inatembea juu yake. La kwanza, mbegu yake haipendi kukauka. Mahindi ama maharagi unaweza kuweka katika kopo mwaka mzima, lakini mbegu ya mkarafuu ukiitoa katika tunda inakufa kisha siku chache. Tena karafuu yenye inauzwa sokoni haina mbegu, ni ua tu. Kwa hiyo mtu wa Maluku aliweza kuuzisha karafuu kwa dunia nzima miaka elfu bila kuuzisha mti. La pili, kuchuma kunaomba mikono mingi. Mti unapanda mita 10 mpaka 15, matawi yake yanavunjika upesi, maua yanachumwa na mkono, na yote yanaiva katika majuma machache. Ukikosa watu katika ile majuma, umepoteza mavuno.

Sasa twende kwenye historia.

Karafuu ilisafiri mbali sana kabla ya Mzungu kujua inatoka wapi. Katika Uchina wa ukoo wa Han, zaidi ya miaka 1 800 iliyopita, wakubwa wenye walienda kusema na mfalme walitakiwa kuweka karafuu mdomoni ili pumzi yao isinuke. Wajava, Wamalay, Wahindi na Waarabu walipitisha ile bidhaa kutoka bandari mpaka bandari, na kila mmoja aliongeza bei yake. Kule Ternate na Tidore, wafalme wawili wakatajirika, wakakuwa masultani, na wakakuwa pia maadui wa kila siku, hata kama kisiwa kimoja kinaona kingine ng'ambo ya maji.

Wareno walikamata Malacca mwaka 1511, na mwaka wenye ulifuata, Francisco Serrão akafika Ternate. Miaka kumi kisha ile, meli moja tu ya safari ya Magellan, Victoria, ikarudi Uhispania. Meli tano ndizo zilikuwa zimeondoka mwaka 1519. Victoria ilifika Septemba 1522 na Wazungu 18 wenye njaa na magonjwa, lakini chini katika tumbo la meli mulikuwa karafuu ya Tidore, na ile karafuu peke yake ilitosha kulipa hasara ya safari. Mashuleni wanatufundisha ni safari ya kuzunguka dunia. Wale wenye walitoa feza walikuwa wanatafuta hivi vimisumari.

Wareno hawakudumu. Mwaka 1570 walimuua Sultani Hairun wa Ternate kisha kuapa naye amani. Mtoto wake Baabullah akazingira ngome yao miaka mitano, na mwaka 1575 wakatoka. Ninaandika hii juu mara mingi tunasoma historia ya wakoloni kama vile wao tu walikuwa wanashinda.

Lakini wenye walikuja nyuma walikuwa wagumu zaidi. Kampuni ya Waholanzi ya Mashariki, VOC, ilianzishwa mwaka 1602, na mwaka 1605 ilikamata Ambon. Wale hawakutafuta kununua karafuu tu. Walitaka wawe peke yao wenye kuuzisha. Na kwa mti wenye unaota porini katika visiwa mbalimbali, njia ilikuwa moja: kuua miti. Mwaka 1652 walifanya mapatano na Sultani Mandarsyah wa Ternate: yeye atapokea feza kila mwaka, na mikarafuu yote katika nchi yake itang'olewa. Kilimo kikabaki Ambon na visiwa vidogo vya jirani tu, kusini, kule Waholanzi waliweza kulinda vizuri.

Kazi ya kuua miti ilikuwa na jina: hongi. Ni kundi la mitumbwi mikubwa ya vita yenye iliitwa kora-kora, yenye watu wa vijiji walilazimishwa kupiga kasia bila malipo, wakazunguka kisiwa kwa kisiwa kutafuta mikarafuu na kuikata. Fikiria salongo yenye kazi yake ni kwenda kukata mashamba ya ndugu yako. Katika rasi ya Hoamoal, kwenye kisiwa cha Seram, watu walipinga. Vita ikapita pale kuanzia 1651 mpaka 1656, vijiji vikachomwa, na wenye walibaki wakahamishwa. Nchi yenye ilikuwa imejaa karafuu ikabaki pori tupu.

Na kule Ambon, kwenye karafuu ilikubaliwa? Kila nyumba ilipewa hesabu ya miti ya kupanda, na mavuno yaliuzwa kwa Kampuni tu, na bei iliwekwa na Kampuni. Wazee wetu wa Maniema na wa Uele wenye walilimishwa pamba ya lazima wakati wa Wabeleji wangetambua ile mambo bila kufasiriwa.

Nitaje hapa mtu mmoja, juu sisi wa botaniki tuna deni kwake. Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani, alikuwa mfanyakazi wa ile Kampuni kule Ambon. Alipata upofu mwaka 1670, tetemeko la udongo la 1674 likamuua bibi yake na binti, na bado akaendelea kuandikisha kitabu kikubwa cha mimea ya Ambon mpaka kifo chake mwaka 1702. Kitabu kilichapwa miaka karibu 40 kisha yeye kufa. Bila yeye tungejua kidogo sana namna watu wa Maluku wenyewe walivyochunga miti yao.

Zaidi ya miaka mia moja Waholanzi walishika ile siri. Mwenye aliivunja ni Mfaransa, Pierre Poivre. Ndiyo, jina lake ni pilipili manga, na sikulibuni mimi. Mzaliwa wa Lyon mwaka 1719, alipoteza mkono wa kuume katika vita ya meli na Waingereza mwaka 1745, na kisha akakuwa msimamizi wa serikali ya Ufaransa katika Île de France, kisiwa chenye leo ni Mauritius. Yeye alielewa jambo la mbegu: kuiba karafuu kavu hakuna faida, lazima mmea mzima wenye mizizi na udongo wake, na meli yenye kukimbia. Meli mbili, Vigilant na Étoile du Matin, zilienda kwa siri mpaka kisiwa cha Gebe, mbali na macho ya Waholanzi, kule watu wa pale walikubali kuwapatia miche. Wakarudi Port Louis Juni 1770. Miche ya mkusumanga (ile ya kungumanga) ilikuwa mingi. Ya mkarafuu ilikuwa makumi tu, na nyingi ikafa katika bustani. Safari ya pili ikafanywa kuongeza. Kutoka pale mti ukaenda Bourbon, yaani Réunion, kule Joseph Hubert aliufanya uote vizuri.

Wasomaji wa agronomi, shikeni ile hesabu ya makumi. Nitairudilia.

Katika miaka ya 1810, Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abry, alileta mkarafuu Zanzibar kutoka kwa visiwa vya Wafaransa. Miti ikaota Mtoni na Kizimbani kama vile ilizaliwa pale. Kisha Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, akachukua yale mashamba, na akasukuma Waarabu wake wapande, wapande, wapande. Wenyeji wa Unguja waliona misitu na mashamba yao ya zamani yakigeuka safu za mikarafuu. Katikati ya karne ya 19, Zanzibar na Pemba zilikuwa zinatoa sehemu kubwa ya karafuu ya dunia.

Pale jambo la pili, la mikono mingi, likaingia. Nani atachuma? Watumwa. Wengi wao walitoka upande wa Ziwa Nyasa na walipitishwa Kilwa, si kwetu. Tusijipatie hata mateso yenye si yetu. Walipandishwa miti wakati wa mavuno, na kwa desturi walifanya kazi ya bwana siku tano, na Alhamisi na Ijumaa walilima vipande vyao ili wapate chakula. Watu wanapenda kusema utumwa wa pwani ulikuwa wa nyumbani tu, wa kupika na kubeba maji. Katika mashamba ya karafuu haukuwa vile. Ulikuwa utumwa wa plantasyo.

Sasa Maniema inaingia wapi?

Inaingia kwa bei. Kila mtu alipopanda, karafuu ikajaa sokoni, na kuanzia miaka ya 1840 bei ikaanguka. Wenye mashamba wengi wakaingia katika madeni kwa wafanyabiashara Wahindi. Lakini bei ya pembe za tembo, yenyewe, ilikuwa inapanda, juu Ulaya na Marekani walitaka piano na mipira ya bilardi. Tembo wa karibu na pwani walikuwa wanaisha. Basi feza ya mkopo, kwa mfano ya Taria Topan, Mhindi mkubwa wa Zanzibar, ikalipa misafara ya kwenda mbali zaidi: Tabora, Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika, mpaka Lualaba. Nyangwe na Kasongo zikakuwa miji ya wafanyabiashara wa pwani. Julai 15, 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wao wakipiga bunduki ndani ya soko ya Nyangwe, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi na kwa maji ya mto.

Pembe ilibebwa kwa bega mpaka bahari, na wabebaji wengi hawakurudi. Na faida ya pembe ilienda wapi? Mwangalie Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Mwaka 1887 Leopold II alimweka kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kisha akarudi Zanzibar, na wakati Force Publique ilipokamata Kasongo mwaka 1893, yeye hakuwa tena kwetu. Feza ya miaka yote ile aliifanya nini? Alinunua mashamba. Wanahistoria wanaandika alikuwa na mashamba saba na watumwa karibu 10 000. Njo jambo lenye nilitaka kusema leo: tembo wa Maniema waligeuka mikarafuu. Mtu wa Kasongo mwenye alipoteza ndugu katika ule msafara, sehemu ya bei ya yule ndugu ilipandwa kwenye udongo wa Unguja, na ilikuwa inachumwa kila mwaka, wakati sisi tulibaki na lugha. Tippu Tip alikufa kule mwaka 1905, na aliacha historia ya maisha yake, yenye alisimulia kwa hiki Kiswahili chenyewe.

Tukirudia mti. Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja na kulalisha karibu mikarafuu yote ya kisiwa. Pemba haikuguswa sana, na tangu siku ile karafuu ni mambo ya Pemba. Mwaka wenye ulifuata, Waingereza wakamlazimisha Sultani Barghash afunge soko ya watumwa. Lakini utumwa wenyewe katika mashamba uliendelea mpaka sheria ya 1897, na kisha ile, wengi wenye waliachiliwa walibaki kuchuma kwa mishahara kidogo, juu udongo haukuwa wao.

Kisha ukaja ugonjwa. Mti mkubwa, mzima, wenye majani mabichi, unakauka wote katika siku chache. Wanauita kifo cha ghafla, na ni kuvu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 uliua miti mingi sana ya zamani Unguja. Pale ndipo ninarudia ile hesabu. Kama msitu mzima unatoka katika miche michache yenye ilipona Mauritius, na kutoka pale michache tu ikaenda mbele, miti yote ni ndugu wa karibu. Ugonjwa wenye unaua mmoja unajua njia ya kuua wote, na huwezi kupata pale shambani mti mwenye damu tofauti wa kukusaidia. Na wenye wangeweza kusaidia, mikarafuu ya pori ya Maluku, ndiyo ile ile yenye hongi ilitafuta na kukata. Sisi wa Kongo tuna mfano wetu kwa upande mwingine: mti wa ngazi, wenye ni wa Afrika, ulipandwa Bogor, Java, mwaka 1848, mimea mine tu, na plantasyo kubwa za Sumatra na Malaysia zilizaliwa katika ile mine. Lakini wao, walipotaka kuboresha mbegu, walijua pa kwenda kutafuta: Afrika, na Yangambi ndani yake. Mkarafuu hauna Yangambi yake.

Mwisho wa hadithi unachekesha kidogo, kama si wewe mkulima. Mwisho wa karne ya 19, Wajava wa Kudus walianza kuchanganya karafuu na tumbako. Zile sigara zinaitwa kretek. Indonesia yote ikavuta. Na kwa sababu Maluku haikutosha tena, nchi ya asili ya mkarafuu ikakuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar! Kisha mapinduzi ya 1964, serikali ya Zanzibar iligawa mashamba makubwa, eka tatu tatu kwa jamaa, lakini biashara ikabaki mikononi mwake. Shirika moja tu lilinunua, na mkulima alipata sehemu ndogo ya bei ya dunia. Watu wa Pemba wakajibu kama vile watu wa mipaka yetu wanavyojibu: usiku, kwa mashua, karafuu ikaenda Mombasa, hata kama adhabu ilikuwa kali. Kahawa ya Kivu inajua zile njia.

Katika miaka ya 1970 Indonesia ikapanda kwa nguvu ili iache kununua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikajitosha, na bei ikaanguka Zanzibar na Madagaska pamoja. Wakulima wa Indonesia hawakufurahi muda mrefu. Mwaka 1990 mtoto wa rais Suharto, Tommy, alipewa ofisi yenye ilikuwa peke yake na haki ya kununua karafuu yote ya nchi. Ilinunua kwa bei ya chini na kuuzisha kwa juu kwa wenye viwanda vya sigara. Wakulima wengi wakaacha kuchuma, na wengine wakachukua panga na kukata miti yao wenyewe, katika nchi ile ile kwenye kora-kora zilikuwa zinapita. Mwaka 1998, wakati wa mzozo wa feza, Shirika la Feza la Kimataifa lilidai ile ofisi ifungwe, na ikafungwa. Wenye walikuwa wameacha miti yao imesimama wakaanza kupanda tena juu na kuchuma.